Umenunua Subaru ya turbo hapa Uganda? Soma hii kabla hujaanza kuiongezea nguvu

Hongera kwanza. Najua raha ya ile wiki ya kwanza, unapaki nje halafu unarudi dirishani kuichungulia tena, usiku unaiwasha bila safari yoyote usikie tu ile ngurumo ya boksa. Na najua kinachofuata, kufika Ijumaa umeshaanza kuulizia bei ya egzosti, inteki (bomba la kuvuta hewa) na blofu (valvu ya kuachia hewa ya turbo), na kuna jamaa pale gereji ameshakuambia ukimpa laki kadhaa anakupandishia busti, yaani presha ya hewa ya turbo, gari iruke.

Ngoja kidogo ndugu yangu. Nina jambo moja la kukuomba na humu nitalirudia: nguvu iwe kitu cha mwisho kununua. Gari ipone kwanza, halafu ijue kusimama, ndiyo baadaye ijue kukimbia. Nitazungumzia zaidi Subaru kwa sababu ndizo nimeishi nazo na ndizo zimejaa Kampala, lakini mwenye Mitsubishi Evo au VW Golf GTI mpangilio ni ule ule.

Kilichonikuta

Mimi mtu wa Tororo, kazi yangu iko Kampala, na kule kwetu mpakani Kiswahili ndiyo lugha ya gereji. Nilinunua WRX ya mwaka 2003, injini EJ205, safi kwa macho. Miezi miwili haijaisha nikawa nimefunga inteki ya koni (chujio wazi lisilo na boksi), nimefunga blofu inayotoa hewa nje, na fundi mmoja akanipandishia busti kwa ile valvu ya kuzungusha na mkono. Hakuna aliyegusa kompyuta ya gari. Hakuna aliyepima kitu. Niliona inakwenda, basi.

Sikukuu nikapanda kwenda nyumbani. Nimetoka Iganga, mbele kuna lori la miwa, nikashuka gia ya tatu nikakanyaga mpaka chini nilipite, na pale katikati nikasikia mlio kama changarawe zinatikiswa ndani ya kopo, sekunde mbili hivi, nikadhani ni kitu cha barabarani. Kufika Bugiri moshi wa bluu unatoka nyuma na injini inatetemeka ikisimama. Gari ilifika Tororo juu ya lori.

Fundi wetu, mzee aliyejifunzia kazi Mombasa, alipoifungua alichukua pistoni ya silinda ya nne akaniwekea kiganjani. Ile kingo nyembamba iliyo kati ya ringi na ringi ilikuwa imemeguka, kipande kadiri ya ukucha wa kidole kidogo, na mahali ilipovunjika panang'aa kama sukari. Akaniambia, "Kijana wangu, hii haikufa jana. Uliiua siku ile uliyofunga inteki, jana ilikuwa mazishi." Maneno hayo sijayasahau, na ndiyo yamenifanya niandike hatua zote hizi.

Hatua ya 1: Ijue gari uliyonunua

Fungua boneti usome ile namba ya chesisi. Herufi za mwanzo ndizo toleo la gari: GC8, GDA, GDB, GRB, kila moja ina injini na udhaifu wake. Angalia pia kama ni ya soko la Japan au ilitoka Uingereza, kwa sababu zile za Japan, hasa STI (toleo kali la WRX), zilipangiwa petroli yao ya daraja la juu ambayo oktani yake, yaani uwezo wa petroli kutojilipukia yenyewe, ni karibu 100. Petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki hapo. Kwa hiyo gari yako, hata kabla hujaigusa, inaweza kuwa tayari inakunywa mafuta duni kuliko yale iliyopangiwa kiwandani. Hili watu wengi hawaambiwi wakati wa kununua, wanaambiwa tu "ni JDM hiyo" (gari ya soko la Japan) kana kwamba ndiyo dawa ya kila kitu.

Jambo lingine, tangu 2018 sheria hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 15. GDB za mwisho ni za 2007, maana yake hakuna mpya inayoingia, unazoziona barabarani zimeshapita mikono miwili mitatu minne humu humu nchini, na mkono mmoja kati ya hiyo lazima ulikuwa wa mtu kama mimi wa zamani. Muulize aliyekuuzia nini kimebadilishwa. Kisha usimwamini, pima.

Hatua ya 2: Pima afya ya injini

Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, fyuzi ya pampu ya mafuta itolewe, kipimo kiingie tundu moja moja, na mtu ndani ya gari akanyage aksileta mpaka chini huku stata inazungusha mara sita au saba. Andika namba zote nne kwenye karatasi. Usiogope ukiona ziko chini kuliko zile za kwenye kitabu, Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 13, kwa hiyo namba zote zitashuka. Unachotafuta ni tofauti kati yao. Tatu zikikaribiana na moja ikawa chini kwa zaidi ya asilimia 10, hapo weka pesa yako mfukoni, hakuna busti ya kuongeza, kuna injini ya kutibu.

Taimingi belti, kama huna karatasi inayoonyesha ilibadilishwa lini, ibadilishe. Kawaida yake ni kilomita 100,000. Ikikatika kwenye hizi EJ za turbo valvu zinapiga pistoni na habari imeishia hapo. Badilisha pamoja na rola zake na pampu ya maji maana kazi ya kufungua ni moja.

Oili: angalia kijiti kila unapojaza mafuta, kila mara, sio ukikumbuka. Hizi injini zinakula oili kimya kimya na turbo haina subira. Na mwambie fundi aangalie vile vichujio vidogo vya wavu vilivyo ndani ya bolti za bomba la oili, baadhi ya EJ zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu) zinavyo, vikiziba turbo inakosa oili na inakufa bila kuaga. Ni kitu kidogo kama kofia ya kalamu lakini kimeua turbo nyingi sana.

Mipira ya hewa nayo. Mingi ina umri wa watu wazima, imekakamaa, ina nyufa. Mpira mmoja wa elfu chache ukivuja unaharibu hesabu nzima ya kompyuta.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini inteki iliniulia injini

Hapa naomba usiruke, kwa sababu ndipo pesa ya vijana wengi inapopotelea.

Subaru inapima hewa inayoingia kwa sensa inaitwa MAF, iko kwenye bomba la inteki baada ya chujio. Kompyuta inajua kipenyo cha bomba lile la kiwandani, na ikisoma hewa inajua imwage petroli kiasi gani. Wewe ukiweka bomba la kipenyo kikubwa zaidi, sensa inadanganywa, hewa inayopita ni nyingi kuliko inayosomwa, petroli inakuwa kidogo, mchanganyiko unakuwa mkavu. Mchanganyiko mkavu chini ya busti unawaka kwa joto kali. Ongeza oktani iliyo chini ya ile iliyopangwa, na petroli inaanza kujilipukia yenyewe kabla ya wakati wake, hiyo ndiyo mafundi wanaita kunoki, ndizo zile changarawe kwenye kopo. Kila mlipuko mmoja ni nyundo juu ya pistoni.

Na mwinuko wetu nao unaongeza yake. Injini ya turbo inaweza kufidia hewa nyepesi lakini inafidia kwa kuzungusha turbo kwa kasi zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi. Ukipanda Kabale, karibu mita 2,000, ndiyo kabisa.

Blofu ya kutoa hewa nje ni hivyo hivyo, tena kinyume: hewa imeshapimwa na MAF, petroli imeshamwagwa kwa hesabu ile, halafu wewe unaitupa hewa nje. Gari inabanja, inatoa moshi mweusi, plagi zinachafuka. Unapata sauti tu. Ile ya kiwandani inayorudisha hewa ndani inafanya kazi vizuri, iache.

Koni wazi chini ya boneti nayo kwa barabara zetu za murramu siipendi kabisa. Inavuta hewa ya moto ya injini na vumbi. Vumbi linalopenya linakula visu vya turbo taratibu kama msasa. Boksi la kiwandani lenye chujio jipya safi linatosha mpaka utakapofika mbali sana kwenye nguvu.

Hatua ya 4: Breki, na hapa toa pesa bila kunung'unika

Nilishawahi kuteremka kutoka Kapchorwa kuja Mbale na breki za kiwandani zilizochoka. Ile barabara inashuka kona baada ya kona, na mimi nilikuwa naendesha kwa furaha, nakanyaga breki kila kona badala ya kushusha gia. Nusu ya mteremko harufu ya pedi ikaingia ndani, kona iliyofuata pedali ikawa laini, iliyofuata tena ikazama karibu ifike chini na gari haijapunguza. Nilishusha gia mpaka ya pili, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, nikasimama kando palipokuwa na mama anauza ndizi. Mikono ilikuwa inatetemeka. Yule mama alinipa maji bila kuniuliza kitu.

Kilichotokea ni mafuta ya breki kuchemka. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230 au zaidi, ile iliyokwisha kuvuta maji kiwango chake kinaweza kushuka mpaka nyuzi 155. Ikichemka inatoa mapovu, na povu linabanika, ndiyo maana pedali inazama. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote kinachoitwa nguvu:

Mwaga mafuta ya breki yote ya zamani, jaza DOT 4 mpya kutoka chupa iliyofungwa mbele yako, rudia kila miaka miwili. Weka pedi nzuri, sio lazima za mashindano, zile za mashindano zinahitaji joto ndipo zishike na asubuhi pale Wandegeya boda akikukatia mbele hazijapata joto. Pima unene wa diski, usikubali diski iliyochongwa mara tatu. Mipira ya breki ikiwa imepasuka badilisha.

Ukimaliza haya utaona gari imekuwa nyingine kabisa, na hujaongeza hata farasi mmoja.

Hatua ya 5: Tairi na miguu

Ubavuni mwa tairi kuna namba nne mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinauzwa zina kashata nzuri kabisa, lakini ukisoma namba ni za miaka kumi nyuma, mpira umekuwa mgumu kama soli ya kiatu. Mvua ikinyesha Kampala ukiwa na hizo hakuna turbo wala magurudumu manne yatakayokusaidia. Angalia na herufi ya kasi mwishoni mwa saizi: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Gari iliyotoka kiwandani na W usiivalishe tairi za teksi.

Ukinunua rimu jua mpango wa bolti. WRX nyingi ni 5 kwa 100, STI za miaka ya baadaye ni 5 kwa 114.3, na kuna watu wanalazimisha. Usilazimishe.

Kushusha gari sikushauri. Matuta yetu hayana saizi, mengine yamejengwa na wananchi wenyewe kwa kifusi, na mashimo tunayajua. Ukikata springi shokapu zinapiga mwisho, bushi zinakufa, chini inakwaruza mpaka sampu ya oili. Badala yake weka shokapu mpya nzuri, badilisha bushi zote na boljointi, halafu peleka ikapimwe alaimenti. Gari ya zamani yenye bushi mpya inashika kona kuliko iliyoshushwa yenye bushi mbovu.

Hatua ya 6: Funga jeji

Busti, presha ya oili, na waidibendi. Hiyo ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, inakuonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli unavyokwenda. Ukiwa unatembea taratibu itacheza karibu 14.7. Ukikanyaga kwenye busti kamili inatakiwa iwe 11 na kidogo. Ukiona 13 na turbo imejaa, toa mguu hapo hapo, usimalizie gia. Ningekuwa nayo siku ile Iganga pistoni yangu ingekuwepo.

Hatua ya 7: Tuni kabla ya vyuma

Sasa ndiyo tumefika kwenye nguvu, na bado hatununui chuma. Tafuta mtu wa kukutengenezea tuni, yaani kupanga upya hesabu za kompyuta ya gari, kwa petroli unayonunua wewe, pampu ile ile, mwinuko huu huu. Subaru za kuanzia miaka ya 2000 nyingi zinasomeka na kuandikika kupitia soketi iliyo chini ya usukani, kuna programu ya bure inaitwa RomRaider na waya wa Tactrix, kwa hiyo usikubali mtu akuambie lazima abadilishe kompyuta nzima.

Jinsi ya kumjua mtu wa tuni: kabla hajagusa kitu anaomba logi, yaani rekodi ya sensa za gari ikiwa inaendeshwa. Anataka kuona karatasi yako ya kompresheni. Anakuuliza unajaza wapi. Anaangalia IAM, namba ambayo kompyuta inajipa kulingana na inavyosikia kunoki. Kwenye kompyuta mpya kidogo ikiwa 1 mambo ni mazuri, kwenye zile za zamani zaidi ni 16, ikishuka ujue injini inalalamika na kompyuta imeanza kujihami. Akianza kwa kukuahidi farasi mia nne, mshukuru na uondoke. Akikubali kupunguza nguvu kidogo ili injini ikae salama kwenye petroli yetu, huyo ndiye.

Hatua ya 8: Vyuma

Ukitaka kuendelea, mpangilio wangu ni huu: daunpaipu (bomba la egzosti linalotoka kwenye turbo) kwanza, kwa sababu inaifungulia turbo njia, lakini siku ile ile unayoifunga uwe umeshapanga tuni yake, usiendeshe nayo wiki nzima "nikisubiri nafasi". Busti inaweza kupanda yenyewe kupita kiasi. Halafu pampu ya mafuta. Halafu intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa kama unakaa kwenye foleni za joto. Turbo kubwa, sindano kubwa za petroli, hiyo ni injini ya kujenga upya na pistoni za kufuliwa, ni habari nyingine na pesa nyingine.

Spea nunua ukiwa na namba ya spea yako kwenye karatasi, pale soko la spea la Kisekka ukitaja tu "Subaru" utaletewa ya Subaru, ila sio yako. Sensa za MAF na plagi nyingi ni za kuigiza, linganisha na ya zamani kabla hujalipa, angalia maandishi, angalia uzito mkononi.

Egzosti ya nyuma iache mwisho. Nguvu inayoongeza ni ndogo, na majirani wana watoto.

Hatua ya 9: Karatasi

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, hiyo unayo. Ukiwa na bima kubwa waandikie kila ulichobadilisha, kwa maandishi, uhifadhi nakala. Usipowaambia wana sababu ya kukukatalia siku ya ajali. Ukibadilisha injini, namba mpya iingie kwenye logbuku, la sivyo siku ya kuuza au ya polisi utahangaika. Mimi ilinichukua muda mrefu sana.

Hatua ya 10: Mahali pa kuikanyaga

Sio Entebbe Expressway usiku. Sio Jinja Road ndani ya msitu wa Mabira ambako lori linaweza kuwa limeharibika kwenye kona bila taa, matawi tu yamewekwa barabarani. Nchi hii ina historia ya mashindano, Charles Muhangi alichukua ubingwa wa Afrika wa rally mwaka 1999, tuna Pearl of Africa Rally kila mwaka, na FMU, shirikisho la mashindano ya magari na pikipiki, lina klabu zenye matukio madogo ambako mtu wa kawaida anaweza kuanzia. Nenda kama mtazamaji kwanza, ongea na wale mafundi wa timu, wako wazi sana na wengi watakujibu kwa Kiswahili. Siku moja ya kufundishwa kushika usukani na kukanyaga breki vizuri itakupa sekunde nyingi kuliko daunpaipu.

Na kila ukifunga kitu kipya, kimoja tu kwa wakati, tembea kilomita 100 za kawaida, rudi nyumbani, iache ipoe, kaza bolti zote zilizofunguliwa, chungulia chini kama kuna tone la oili, soma kijiti, chukua logi nyingine uilinganishe na ile ya kabla. Zikikubaliana, ndiyo unaenda kwenye kinachofuata.